Ripoti ya Espoir iliyoanzia Kinshasa, wakati tumeulizwa habari za mashine ya Lubarika

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko maofisini na nyie mnaosoma huku simu mmeificha chini ya meza ya lecture.

Naona vijana wa vyuo wanalalamika humu kwamba ripoti zao za field zinarudishwa bila hata kusomwa. Ngoja niwape iliyotukuta sisi. Chumvi sitii. Mhusika mkuu yu hai, ni member humu, na ruhusa kanipa mwenyewe. Akibadili mawazo mtamuona kwenye comments.

Mimi ni binti wa Uvira, kule Kongo, siku hizi naishi Kigoma. Miaka ile ya uasi nilikuwa nasoma biashara kwenye chuo kimoja pale kwetu. Ndiyo, tulisoma. Vita ilikuwepo, mitihani nayo ilikuwepo, na walimu hawakukubali ya kwanza iwe kisingizio cha ya pili.

Kwenye stage, yaani hiyo field yenu, nilipangwa na mwenzangu Espoir, kijana wa mtaa wa Songo. Mpole, mchapakazi, shati limepigwa pasi hata siku ambayo mji mzima umekosa sabuni. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: Kifaransa cha kuvaa suti. Huyu hakuweza kusema "mvua imenyesha." Alisema "hali ya hewa imeshuhudia mabadiliko."

Tukapelekwa kwa Mama Feza. Mama huyu alifundisha hesabu sekondari kabla ya kuingia kwenye biashara ya mchele. Bohari lake lilikuwa Songo, lakini mashine yake ya kukoboa mpunga ilikuwa Lubarika, kule tambarare ya Ruzizi.

Swali lake lilikuwa fupi. Barabara leo ina askari, kesho ina waasi, na mavuno ndiyo yanaanza. Je, aihamishie mashine Uvira au aiache kule kule?

Tukaenda Lubarika. Tukaongea na wakulima, madereva, akina mama sokoni. Mimi nauliza, Espoir anaandika. Tukarudi, akajifungia na makaratasi yake, akatoka na kitu kinene kama Biblia ya mchungaji.

Asubuhi ya kukabidhi, Mama Feza alimwita na Papa Lubunga, fundi wake wa mashine, aje kusikiliza. Tukakaa juu ya magunia pale bohari. Espoir akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kusoma.

"Kongo ni nchi kubwa iliyo katikati ya Afrika..."

Wakuu, nilitazama chini.

Alisoma habari za mito. Akasoma habari za madini, ambayo hakuna aliyeyauliza. Papa Lubunga akaanza kusinzia, kichwa kinaenda mbele kinarudi. Mama Feza alivumilia kama mwalimu anavyovumilia, halafu akanyoosha mkono.

"Espoir, mutoto wangu, sasa tumefika wapi?"

"Tuko ku chapitre ya kwanza, Mama."

"Ah. Naona tulitokea Kinshasa, tukapita Bukavu. Minye niko nangojea tufike Lubarika mbele ya vita kufika kule."

Papa Lubunga aliamka kwa kicheko mpaka akapaliwa. Espoir jasho likamtoka kwenye lile shati la pasi.

Mama hakucheka. Akamuuliza kwa upole, "Jibu yangu iko wapi?"

"Iko ndani, Mama. Iko ku mwisho."

"Ku mwisho? Nyumba ikiwaka moto, weye utaanza kunieleza historia ya kiberiti?"

Akaturudishia ule mzigo. Alitaka karatasi moja, kesho yake, kwa sababu dereva wa kamio, yaani lori, alikuwa anangoja kuambiwa aende au asiende.

Mchana tukakaa barazani kwao Espoir. Nikamwambia jibu tunalo, tuliandike juu kabisa. Wakulima karibu wote walituambia hawataweka mpunga kijijini mwaka huu, wakivuna tu wanaushusha Uvira. Wafugaji wa Rurambo, kule milimani, ambao kila kiangazi huteremsha ng'ombe tambarare, safari hii hawakuteremka. Watu wa milimani hawaachi majani hivi hivi, wamenusa hatari. Sasa mashine ibaki kule imkobolee nani?

Espoir akawa anazungusha kalamu tu.

"Page moja? Watasema hatukufanya kazi."

"Nani atasema? Anayengoja ni Mama Feza."

Nikamtania kidogo, nikamwambia kama maneno yanamuuma kuyaacha anaweza kuyafanyia mazishi. Hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Furaha, tate wangu anaishi kule Lubarika. Mpunga yake anakobolesha ku ile mashine. Nikiandika 'hamisha', ni minye niko namunyanganya."

Tate ndiyo bibi kwa lugha ya kwetu. Bibi yake huyo ndiye aliyemlea.

Wakuu, hapo utani ulinikauka. Kumbe ile mito na yale madini yote yalikuwa ukuta. Jamaa alijenga kurasa na kurasa ili asilifikie lile neno moja.

Nikamwambia basi hilo nalo liandikwe, maana Mama Feza ana haki ya kujua nani ataumia. Akainama, akaandika bila kuinua kichwa. Karatasi ikatoka hivi, kwa maneno yangu:

Hamisha mashine sasa. Sababu, zile mbili nilizowatajia. Tusichokijua: barabara itabaki wazi mpaka lini. Watakaoumia: wazee wa Lubarika wasio na wa kuwabebea mpunga. Pendekezo: kamio likienda kuchukua mashine, itangazwe kanisani mapema, wazee wapakie magunia yao humo humo.

Hilo la mwisho ni la Espoir peke yake. Mimi nisingeliwaza.

Kesho yake Mama Feza aliisoma amesimama. Akairudia. Akauliza, "Hii ya kamio, nani aliandika?"

Espoir akainua mkono kama yuko darasani.

"Basi weye utaenda na kamio."

Akaenda. Mimi nilibaki bohari, na sitawadanganya, siku hiyo nilisali kuliko kawaida yangu. Jioni kamio likaingia Songo limelemewa: mashine, magunia, kuku wa watu, na mbele kando ya dereva amekaa tate mwenyewe anamgombeza dereva kwamba anaendesha kama mwizi. Espoir alikuwa juu ya magunia, shati limekuwa rangi ya barabara, anacheka peke yake.

Haikupita muda mrefu vita ikapita tambarare. Nyumba ya ile mashine iling'olewa mabati. Watu wa Lubarika waliokimbia walipofika Uvira wameweka mpunga kichwani, waliikuta mashine inanguruma Songo, na Papa Lubunga ndiye yule yule. Wengine walisimama tu pale mlangoni wanaisikiliza.

Chuoni je? Msimamizi wetu aliitazama ile karatasi moja akauliza, "Présentation ya milieu iko wapi?" yaani yale maelezo ya nchi na mazingira. Espoir akampa ule mzigo wa kwanza, na tukapata alama nzuri sana. Sisemi kitu. Mwalimu anataka kuona umesoma, mwenye mali anataka kuamua. Jua nani atasoma kabla hujashika kalamu.

Siku hizi Espoir anafundisha uandishi wa ripoti. Anawaambia wanafunzi wafupishe, kwa mhadhara wa saa tatu.

Vijana, niliyojifunza ni haya. Jibu liwe juu. Usichokijua, kiseme. Atakayeumia, mtaje. Na ukiona ripoti yako inarefuka bila sababu, acha kuhesabu kurasa ujiulize kuna neno gani humo unaogopa kuliandika.

Wenye uzoefu wa ofisini nirekebisheni palipopinda. Na wewe mwenye ripoti ya kukabidhi wiki hii, ibandike hapa chini sentensi yako ya kwanza tuione. Tutakucheka kidogo, halafu tutakusaidia.