Mtotoleshaji Anayeishi kwa Uniti Sabini na Tano

Saa moja na nusu asubuhi, na Mama Vifaranga hataki mtu aguse mlango wa mashine. Amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, sikio kalibana kwenye ubao wa mashine, simu iko mkononi. Ndani, mayai yametimiza siku ya ishirini. Baadhi yameanza kutoboka, na ukinyamaza unasikia vilio vyembamba vya vifaranga ambao bado hawajaiona dunia.

Ukutani, mita ya umeme imebakiwa na kitu kidogo mno.

“Sifuri nukta mbili,” anasema mumewe, fundi muashi ambaye leo hakwenda kazini.

“Usinisomee. Naiona.”

Kila akijaribu kununua umeme kwa simu, jibu ni lile lile: huduma haipatikani, jaribu baadaye. Ameanza tangu alfajiri na hii ni mara ya kumi na nne.

Sababu ilitangazwa jana jioni. Baada ya siku tatu za mabishano bungeni, hoja ya waziri wa nishati ilipita na bei mpya ya umeme wa majumbani itaanza Jumatatu. Leo ni Ijumaa, tarehe mosi. Nchi nzima imeamka na wazo moja, kununua umeme wa bei ya zamani, na mtambo wa kuuzia umezidiwa. Hata mwandishi wa makala haya, ambaye hesabu zilimtoa jasho tangu darasa la nne, angeliona hilo linakuja.

Kwa nini basi hakununua mapema? Swali hilo linamuuma, maana jibu lake ni sheria anayoifuata kuliko wengi walioipitisha. Nyumba inayonunua uniti zisizozidi sabini na tano kwa mwezi hulipa bei ya mtumiaji mdogo. Ikivuka hapo, hata kwa uniti moja, inahamishiwa daraja la juu, ambako bei ni karibu mara tatu, na kurudi chini ni mwaka mzima wa barua na kupanga foleni.

Mashine yake inakula uniti mbili kwa siku. Kwa mwezi ni sitini. Zinazobaki kumi na tano ni za taa, redio na simu. Familia hii haina friji wala pasi ya umeme. Mwezi uliokwisha jana alishanunua zote sabini na tano, kwa hiyo akajibana hadi tarehe mosi ifike anunue nyingine.

“Nilipiga hesabu zangu vizuri kabisa,” anasema. “Ila nilijihesabu mimi peke yangu. Sikuwahesabu watu wote.”

Kazi hii ameifanya miaka minne, katika chumba hicho hicho anacholala na mumewe. Watu humletea mayai, naye huyatia alama kwa penseli, kila mwenye mayai na alama yake. Huyageuza asubuhi, mchana na jioni hadi siku ya kumi na nane, kisha hayagusi tena. Halipwi fedha. Katika kila vifaranga kumi wanaoanguliwa, wanane ni wa mwenye mayai, wawili ni wake. Mashine ikileta hasara, yeye ndiye anayeibeba. Safari hii ndani mna mayai mia mbili sitini na nne, na kwa kawaida wangeanguliwa vifaranga kama mia mbili.

Saa nne kasoro feni ya mashine inazimika.

Kimya kinachofuata kinatisha, na sioni haya kukisema hivyo. Mama Vifaranga anainuka, anachukua madumu mawili ya maji ya moto aliyoyaandaa na kuyapanga ubavuni mwa mashine. Mumewe, kwa nia njema, anaifunika mashine yote kwa blanketi zito.

“Baba, toa hilo. Umeziba matundu. Wanahitaji hewa.”

“Nilitaka wapate joto.”

“Utawapa joto la kaburini.”

Analiondoa, kisha anakwenda kukaa uani.

Saa tano anaingia mwalimu mstaafu, mwenye mayai tisini kati ya hayo. Amekuja kuchungulia tu, kama anavyofanya kila siku ya ishirini. Anaelezwa kilichotokea na uso wake unabadilika. Lakini mwalimu huyu ni mtetezi mkubwa wa waziri, na hata leo hawezi kunyamaza.

“Shirika la umeme lina madeni, binti yangu. Mitambo mipya haijengwi kwa maneno. Bei lazima ipande.”

“Sikatai ipande, mwalimu. Nakataa kuambiwa nimelindwa.”

Redioni wanarudia mjadala wa jana. Waziri anasikika akisema kwamba mnyonge amelindwa, na anayezidisha uniti sabini na tano ni mtu mwenye uwezo. Mbunge mmoja anapaza sauti kuuliza uwezo gani, na anaamriwa kukaa.

“Umesikia? Umelindwa,” anasema mwalimu.

“Basi huyo mlinzi wangu angenipa uniti mbili tu nimalizie siku.”

Mwalimu anatoa simu yake mwenyewe na kuanza kubonyeza, ainunulie mita hii umeme. Huduma haipatikani. Anabonyeza tena, mara ya tatu kwa hasira, na hapo hoja za mitambo mipya zinakwisha. Kipimajoto kilichoanza asubuhi na nyuzi thelathini na saba sasa kinasoma thelathini na nne. Vilio ndani vinapungua. Mama Vifaranga anabadilisha maji ya madumu, anakaa chini na kushika tama.

Saa saba na nusu simu ya mwalimu inalia. Tarakimu ishirini za umeme zimeingia. Anazisoma kwa sauti ya darasani, polepole, na fundi muashi anaziingiza kwenye mita kwa vidole vyenye saruji kavu ya jana. Feni inazunguka. Nyuzi thelathini na mbili. Hakuna anayeshangilia.

Kesho yake jioni hesabu inajulikana. Vifaranga mia moja na kumi na wanane. Wengine walikufa midomo ikiwa imeshatoboa ganda, na hao ndio waliomliza. Mwalimu anapata thelathini na mmoja. Yeye Mama Vifaranga hachukui hata mmoja, wala hakuna aliyemlazimisha.

“Mashine ni yangu,” anasema. “Waziri hakuwahi kupokea mayai ya mtu.”

Siku tano mashine inakaa tupu. Majirani wanapita, wanasalimia, na hawaleti kitu. Siku ya sita mwalimu anagonga akiwa na trei mbili.

“Sitini,” anasema. “Nilivyosema juu ya bei sijafuta. Lakini mayai nimekuletea.”

Mama Vifaranga anachukua penseli, kisha anasita. Akitaka kuyalinda asishikwe tena kama siku ile, lazima awe na akiba ya uniti ishirini ambazo hazigusi. Sabini na tano za mwezi huu ameshazinunua; akiongeza ishirini, anavuka, na daraja la mtumiaji mdogo analiaga.

Mumewe anamtazama. “Mama, ukivuka hapo hurudi.”

Mezani kuna tangazo la mkutano wa kutoa maoni kuhusu bei, wiki ijayo. Kila mwananchi atapewa dakika tatu. Amejiandikisha, na anasema atawaeleza hili la tarehe mosi, neno kwa neno, hata wakimkatiza.

Kwanza ananunua uniti ishirini. Safari hii zinaingia mara moja. Kuanzia mwezi ujao, katika kumbukumbu za serikali, mwanamke huyu asiye na friji wala pasi atahesabiwa kuwa mtu mwenye uwezo.

“Wanihesabu wanavyotaka,” anasema, akiweka alama kwenye yai la kwanza. “Haya siyazimii umeme.”