Ngoma ya Mbao za Samadari

Kwa majuma matatu nililala kwa vipande, kwa sababu sikujua kama nyanya yangu alinipa mbao za kitanda chake au hakunipa.

Mbao zenyewe nilikuwa nazo. Zilikuwa mbili, za ubavuni, za mti wa msaji mtupu, kila moja ndefu kunishinda, zimeegemezwa ukutani katika karakana ya fundi mmoja nyuma ya nyumba za Buxton, Mombasa. Nyanya mwenyewe ndiye aliyesema, "Chukua." Mtu mwingine angeona mambo yamekwisha hapo. Mimi nilimaliza chuo mwaka jana, nina shahada ya uhandisi na sina kazi, na kichwa kisicho na kazi hujitafutia. Nililirudia lile "chukua" mpaka likapoteza maana. Alilisema haraka? Aliniangalia usoni? Mbona mara tu baada ya hapo alikwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa motoni?

Lakini ngoma ndiyo iliyoanza.

Baba alikuwa mpigaji wa ngoma ndogo katika beni ya mtaa, kundi la tarumbeta na ngoma. Mchana alikuwa karani bandarini. Jioni za harusi alivaa shati jeupe, akajifunga ngoma kiunoni, akatoka. Ngoma hiyo kimo chake ni shubiri moja tu. Ina ngozi juu na ngozi chini, na chini kabisa zimetandazwa nyaya nyembamba za msokoto. Ukipiga juu, nyaya zile hutetema, na sauti hutoka kama mchele unaopepetwa kwa hasira. Siku hizo tuliishi Kibokoni kwa Nyanya, na vichochoro vya Kibokoni hudanganya masikio: tarumbeta unazisikia kulia, kumbe zaja kutoka kushoto. Ngoma ya Baba haikunidanganya. Nilikaa kwenye ngazi, nimevalishwa gauni linalowasha shingoni, nikawatangazia binamu zangu: "Wamefika kwa muuza kahawa. Sasa wanapinda kona." Na kweli ndipo walipokuwa. Sikumbuki jambo jingine lolote ambalo nimewahi kuwa na hakika nalo kiasi kile.

Ngoma yake ilikuwa ya bati, na hewa ya chumvi haina huruma na bati. Ikaliwa pole pole, mpaka siku moja katikati ya harusi ya watu ikapasuka pale ilipofungwa parafujo. Baba akarudi nayo nyumbani kwapani kama aliyebeba kuku aliyekufa, akaiweka juu ya kabati. Wenzake walimletea nyingine ya kuazima. Aliipiga mara mbili, akawarudishia. "Hii yalia kama sufuria," akasema. Tangu hapo hakupiga tena.

Miaka ikapita. Kaka yangu alipotangaza harusi yake, Baba aliuliza kama beni itakuja. Kaka akamwambia itakuja, na wamepata mpigaji mwingine wa ngoma ndogo. "Vyema," Baba akasema, akaendelea kula. Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikigonga meza, na mimi nilikuwa nimekaa upande huo. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kumtengenezea ngoma, na safari hii iwe ya mbao.

Unaweza kuichimba ndani ya gogo, lakini gogo sikuwa nalo. Unaweza kuchemsha ubao mwembamba ukaukunja, lakini chombo cha kuchemshia sikuwa nacho. Nikachagua njia ya pipa: papi fupi za mbao zinasimamishwa wima, moja ubavuni mwa nyingine, mpaka ziwe duara. Nilipiga hesabu nikapata papi ishirini, kila ukingo ulazwe kwa digrii tisa. Nikaijaza karatasi pande zote mbili, nikampelekea fundi.

Fundi huyo ni mtu wa bara. Alikuja Mombasa kwa kazi ya reli, akaishia useremala. Tulijuana nikiwa mwanafunzi, tulipokuwa tukivuka barabara kutoka chuoni kwenda kwake kuomba mabaki ya mbao za mazoezi. Aliishika karatasi yangu kwa mbali, kama watu wanaohitaji miwani na hawataki kukubali.

"Hii ni ngoma au ni daraja?"

"Sikiza, fundi. Papi ishirini zina kingo arobaini. Nikikosea robo digrii kila ukingo, mwisho wake nimekosea digrii kumi. Duara halitafunga."

"Basi usikosee."

"Na nikikosea?"

"Utamwambia baba yako ni kikapu. Dada, shika randa."

Nikashika randa. Mbao za kwanza zilikuwa za paleti, zile zinazotoka bandarini, laini na za bei nafuu. Fundi alinichongea kipimo cha pembe, na kwa siku sita nilipiga randa ukingo mmoja mmoja, nikapima, nikatilia shaka kipimo, nikakipima kipimo. Wateja wake walikuja kuchukua stuli na milango, wakaniona vumbi limenijaa kwenye mtandio, wakauliza nafunzwa au naadhibiwa.

Siku ya kuunganisha ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Unazilaza papi zote chini zikiwa zimepangana, unazishikanisha kwa utepe upande wa nje, kisha unazigeuza. Kati ya kila papi mbili panabaki mfereji mdogo. Unajaza gundi katika mifereji, halafu unaziinua zote kwa pamoja na kuzikunja kama unayekunja mkeka, na duara linajifunga mikononi mwako. Lilifunga. Sikuona mwanga popote. Tulilikaza kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, nikacheka peke yangu kwa sauti, na fundi akaniuliza kama nimekula.

Siku ya nane likalia tak! nikiwa nimesimama karibu nalo. Ufa ulikuwa umetoka juu mpaka chini.

"Mbao hii bado ina maji," fundi alisema, akipitisha ukucha kwenye ufa. "Ikikauka inatembea. Tafuta mbao iliyokwisha tulia. Iliyokaa ndani ya nyumba ya watu, chini ya paa, miaka mingi."

Mbao ya namna hiyo niliijua iko wapi. Nyanya bado anaishi Kibokoni katika nyumba ile ile, pamoja na shangazi yangu, na ghalani juu kulikuwa na samadari yake, kile kitanda kirefu cha miguu ya kuchongwa. Alipoanza kuumwa magoti alinunuliwa kitanda kifupi, samadari ikafunguliwa vipande. Baba alizaliwa juu yake, na Shangazi, na wote wengine. Mimi nililala ubavuni mwa Nyanya juu ya samadari hiyo usiku wote wa mvua za utotoni mwangu, nikishika ubao wa pembeni kwa kuogopa kuanguka.

Nilikwenda kuchukua masinia ya harusi. Nyanya akapanda nami mpaka ghalani, ngazi moja moja. Nikaugusa ule ubao, nikasema bila kufikiri, na ni nadra mimi kusema bila kufikiri, "Nyanya, mbao hizi ni nzuri sana. Hazipatikani tena."

"Chukua," akasema. "Ni zako."

Kwetu sisi, ukikisifu kitu cha mtu mbele yake, yeye hukwambia chukua, na wewe husema, "La, kikae kwako, kimekaa pahali pake." Akikushikilia mara ya pili, unakataa tena. Akikushikilia mara ya tatu, hapo wajua anakupa kweli. Nimefunzwa hayo kabla ya kufunzwa kufunga viatu. Na siku hiyo, kwa sababu nilikuwa naziona papi ishirini badala ya kuona kitanda, nilisema, "Shukran, Nyanya. Nataka kumtengenezea Baba ngoma."

"Ngoma," akasema. Kisha akashuka kutazama chungu. Kesho yake nikaja na tuktuk.

Shangazi alinipigia simu mbao zikiwa hazijafika Buxton.

"Mwanamke mzima! Umeambiwa chukua, ukachukua?"

"Shangazi, yeye ndiye aliyesema."

"Na angesema n'ni? Umesimama mbele ya kitanda cha mtu wakisifu kama dalali!"

"Basi nitazirudisha."

"Uzirudishe? Umrudishie mamangu kitu alichokupa? Huko ni kumtukana. Ukikata, umemvunjia kitanda. Ukirudisha, umemvunjia heshima. Shauri yako."

Nilimweleza fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni.

"Alisema chukua?"

"Alisema."

"Kwetu mtu akisema chukua, unachukua. Akitaka usichukue, anasema usichukue."

"Hapa si hivyo."

"Sasa hapa mnajuaje nani amempa nani nini?"

Mara mbili nilikwenda kumtembelea Nyanya nikitarajia atalitaja mwenyewe. Mara ya kwanza tulizungumza juu ya kazi: nimetuma maombi wapi, wamejibu, hawakujibu. Mara ya pili, wakati naaga, aliuliza, "Zile mbao zilifika salama?"

"Zilifika, Nyanya."

"Alhamdulillahi."

Nikaichambua alhamdulillahi hiyo njia nzima mpaka nyumbani. Niliona inaweza kuwa ya furaha, inaweza kuwa ya kumwachia Mungu. Nikafikiria kumuuliza wazi, nikaona kuwa hata swali lingeharibu: angeulizwa kama alinipa kweli, angejibu ndiyo kwa adabu ile ile, nami ningerudi nilipokuwa. Hakuna jibu la mdomoni ambalo ningeliamini. Wakati huo huo ngozi mbili, maduara ya chuma na nyaya za chini zilikuwa zimekaa kwenye mfuko chini ya kitanda changu, na harusi ilikuwa imebakiwa na siku kumi na saba. Gundi peke yake yataka siku za kukauka. Fundi aliacha kunitania, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilichoamua mwishowe hakikuwa kwenye karatasi yangu yoyote. Ikiwa siwezi kuujua moyo wake kwa maneno, basi nitakata mbele ya macho yake, mahali ambapo anaweza kunizuia kwa kuinua mkono tu. Na asiponizuia, sitaliuliza tena, si kwake wala kwa nafsi yangu.

Alasiri ya siku niliyoamua hivyo nilipakia mbao zote mbili kwenye tuktuk, pamoja na msumeno wa fundi na jiliwa yake ndogo ya kubania. Wazee waliokaa barazani pale chini ya nyumba waliniona nikizishusha.

"Mjukuu, wahama?"

"La, babu. Nafanya kazi kidogo."

"Na kitanda begani? Kazi gani hiyo!"

Wakacheka, nikapita. Shangazi alifungua mlango, akaziona mbao, akajipiga kofi la kifua. Alidhani nimekuja kuzirudisha. Nyanya alikuwa uani, ameketi kwenye kibao chake, akichagua mchele kwenye ungo. Nikambusu mkono. Nikaibana mbao ya kwanza kwenye ukingo wa meza ya kufulia, nikachora alama kwa penseli.

"Nyanya," nikasema, "siku ile nilikosa. Ilikuwa nikatae, na sikukataa. Sasa nazikata hapa, mbele yako."

Hakuinua uso. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakirusha kando.

"Waniuliza au waniambia?"

Shangazi alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilikuwa na majibu mawili, na lile la kwanza, la kuuliza, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nikalimeza.

"Nakwambia," nikasema.

Nikaweka meno ya msumeno kwenye alama, nikavuta mara moja. Vumbi la rangi ya asali likaanguka sakafuni. Nikavuta mara ya pili. Nikamwona Nyanya ameweka ungo chini, nikausimamisha msumeno.

"Si hapo," akasema. "Hapo ndani mna msumari. Babu yako aliupigilia wa kufungia chandarua, ukakatika kichwa, akaziba kwa nta nisiuone. Utaharibu msumeno wa watu."

Akanyoosha kidole, na kweli palikuwa na doa dogo, jeusi kidogo kuliko mbao, ambalo mimi na fundi na vipimo vyetu hatukuliona. Nikasogeza alama kwa upana wa vidole viwili, nikaweka msumeno, nikakata mpaka kipande cha kwanza kikaanguka.