Msiba wa Flashi Busale

Tusekile wa Busale, katibu wa kikundi cha wakulima wa kokoa, hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Orodha ya watu wa kupewa miche aliichapa kwenye kompyuta mjini Kyela, akaitia kwenye flashi, na flashi akaifunga kwenye pindo la kanga. Bibi shamba mpya, Teodora, alitakiwa kuituma wilayani kabla ya saa nane. Ikichelewa, miche yote inakwenda kwa wakulima wa Bujonde.

Saa sita Teodora aliigeuza kompyuta yake mpya kila upande. Ilikuwa na vitundu viwili vyembamba ambavyo hata punje ya mpunga ingebembelezwa ndipo iingie.

"Mama, hii ya kwenu imeshakufa. USB pana namna hii wenzenu wameshaizika."

Nje, mama mkwe wake Tusekile, Anyitike, alikuwa anaanua mpunga. Kwa Kiswahili chake, "ya" na "wa" ni ndugu wa tumbo moja. Alichosikia ni kwamba wa kwao kafa, tena kazikwa bila wao kuambiwa. Akawaachia kuku mpunga, akapiga yowe.

Haikupita nusu saa ua ukajaa. Wanawake wanaingia na mikungu ya ndizi, wakitoa pole, "ndaga, ndaga". Wanaume na kuni. Mzee Eliud na viti vya kanisa.

"Nani?" akauliza Eliud.

"Flashi," akajibu Tusekile.

"Wa ukoo gani huyo?"

Tusekile akafungua pindo, akamwonyesha. Mzee akavaa miwani. "Mjini inaingia?"

"Kompyuta zote."

"Basi haijafa."

"Inakufa polepole, baba," akasema Teodora.

"Huyo ni mgonjwa. Mgonjwa anapelekewa uji, hapigiwi yowe."

"Ndizi za msiba hazirudi nyumbani," Anyitike akajibu kwa aibu, akainjika sufuria.

Tusekile hakuwasikiliza. Saa saba imepita, na orodha yake nzima imeketi uani inamenya ndizi.

"Teodora, mwanangu, fungua hiyo kompyuta yako. Flashi ni hawa. Kila mtu ataje jina na miche yake."

Wakataja, visu mkononi. Saa nane kasoro dakika tatu orodha ikaondoka. Lilikosekana jina moja, la Ezra, ambaye misiba ya watu haijui.

Jioni akaja kulalamika kwamba hakuambiwa.

"Hatukumficha marehemu," Tusekile akamwambia. "Tumemlilia mchana kweupe."