Nilivyokufa Siku ya Mashujaa

Leo nimeikuta kanga ya bibi chini ya sanduku lake. Bado inanuka moshi na michembe ya viazi vitamu.

Siku ya Mashujaa moja, nikiwa mtoto, shuleni kwetu Tabora, tuliigiza vita vya Kagera. Mimi nilipewa kuwa askari wetu anayeuawa, kwa sababu, alisema mwalimu, maiti haina maneno ya kusahau. Nikafa vizuri mno. Wazazi wakapiga makofi.

Ndipo bibi, ambaye mwanawe wa mwisho hakurudi kutoka vita hivyohivyo, akainuka kwenye benchi, akavua kanga ya mabegani na kunifunika kutoka kichwani hadi miguuni. Akaketi mchangani kando yangu.

“Bibi, niache, wananicheka,” nilinong’ona.

“Lala, mwanangu.”

“Jamani, maiti inaongea!” akapayuka mmoja wa maadui, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikaisukuma kanga, nikasimama, nikapiga saluti ili wacheke zaidi. Walicheka. Bibi aliikung’uta vumbi, akaikunja polepole.

Leo nimefunga mlango, nikalala sakafuni na kitambi changu, nikajifunika kanga hiyo kuanzia kichwani. Miguu imebaki nje.