Niliikataa betri ya tochi kwa kuwa ni nzito, hasara ikamwangukia mama yangu

Wakuu habari zenu, na wale wa kanda yetu, mwadila.

Ninachoandika hapa kimetokea kwangu mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Bariadi mjini. Mama yangu anaishi Zagayu, Itilima, peke yake. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja wakagawana ng'ombe zizini sisi tukiwa tumekaa barazani tunaangalia. Zizi likabaki na samadi tu. Kwetu Usukumani mtu aliyekuwa na ng'ombe akabaki hana, hata salamu anazopewa hubadilika. Mama aliziona zikibadilika.

Nikashona, nikajinyima, nikamnunulia mtamba. Akampa jina la Ngolo, jina la watu kabisa. Mtamba akapandwa, akashika mimba. Kila nikipiga simu, kabla hata sijaulizia mgongo wake, mama anaanza na Ngolo, huku akiniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.

"Akizaa jike, mayu, nitasema tena nina ng'ombe."

Hapo ndipo tochi inapoingia.

Kule kuna fisi. Sio fisi wa hadithi, ni fisi kweli kweli, jua likizama tu wanaanza kuzunguka. Mama alikuwa na tochi ndogo ya bei rahisi, zile za kuvuta mbele mwanga unakuwa mwembamba na kwenda mbali. Ndani ina betri moja ya kuchaji ya lithium, nene kidogo kuliko kidole gumba, wanaiita 18650. Tochi yenyewe haikuwa na ubaya. Betri iliyokuja nayo ndiyo ilichoka. Akanitumia tochi mjini nimtafutie nyingine.

Nikaenda duka moja la vifaa vya umeme karibu na stendi. Jina silitaji.

Yule kijana muuzaji akaniwekea betri mbili mezani. Moja ya kijivu, imepooza, imeandikwa 2000mAh. Ya pili nyekundu inang'aa, imeandikwa 9900mAh kwa herufi za dhahabu.

Nikafanya walichonifundisha nyumbani. Nikazipima mkononi, moja kiganja hiki, nyingine kile.

Ya kijivu nzito. Nyekundu nyepesi.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa, maana asiyekulia kwenye pamba hataona mantiki yangu. Mimi nimekua nikiona pamba inanyunyiziwa maji, inatiwa mchanga katikati, ili ikifika kwenye mzani isome vizuri. Karani anatumbukiza mkono kwenye mzigo mpaka kwapani anatafuta udanganyifu. Baba yangu alikuwa akiinua mzigo wa mtu akiona ni mzito kuliko ukubwa wake, anatikisa kichwa na kuondoka. Kwetu uzito wa kushangaza maana yake mtu amejaza kitu.

Kwa hiyo nikamuuliza kijana, "Hii ya kijivu mbona nzito hivi? Wameweka nini humu?"

Akatabasamu. Lile tabasamu ninaliona mpaka leo nikikaa kwenye cherehani.

"Dada uko vizuri, umeshtuka mapema. Hizo ni za kizamani. Teknolojia mpya ni nyepesi. Angalia hata simu zenu."

"Na hii namba?"

"Ndiyo nguvu yake. Elfu mbili na elfu tisa mia tisa, wewe mwenyewe unaona."

Alijua. Niliposema tu neno "nzito" alishanijua natoka wapi na naogopa nini, akauchukua woga wangu akaniuzia. Wenye duka wengi hawajui wanachouza, hao nawasamehe. Huyu alijua.

Akaiweka kwenye tochi, akawasha, mwanga ukapiga ukutani nikafumba macho. Mchana kweupe, dukani, kwa muda wa kupepesa macho tu. Nikatoka pale najiona mjanja wa Bariadi nzima. Kumbe nimeingizwa mjini na mimi ndiye ninayeishi mjini.

Mama akaipokea, akaishukuru. Baada ya muda akaniambia kwenye simu kwamba inawahi kuisha. Mimi, mjuaji, nikamwambia betri mpya lazima ichajiwe muda mrefu mwanzoni mpaka izoee. Ni maneno ya enzi za simu za vitufe, na betri za lithium hazina habari hizo. Mama akawa anaipeleka kwa jirani yake, Mzee Masanja, mwenye sola, inashinda huko ikichaji.

Ngolo alikuwa anachungwa pamoja na ng'ombe wa Masanja. Jioni moja kundi likarudi bila yeye. Mama akaelewa mara moja, ng'ombe akikaribia kuzaa hujitenga. Masanja alikuwa hajarudi kutoka gulioni. Giza linaingia. Mama akachukua tochi, akaenda.

Akampata kwenye vichaka ng'ambo ya shamba la pamba. Ngolo ameshazaa. Ndama yuko chini, bado ana majimaji, Ngolo anamlamba. Mama akammulika, akainama, akaangalia.

Jike.

Anasema alicheka peke yake pale porini.

Kisha mwanga ukafifia. Ukabaki kidoa tu. Ukazima. Akaipigapiga tochi kiganjani, ikawaka kidogo, ikazima moja kwa moja.

Mnajua fisi anachoogopa usiku ni mwanga na watu wengi. Mwanga umeisha, na mtu ni mmoja, mama mwenye mgongo mbovu. Alijaribu kumbeba ndama akashindwa. Akajaribu kumvuta, Ngolo akamsukuma kwa kichwa maana hata yeye hakuweza kuona nani ni nani. Akawasikia fisi wanakaribia. Akapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuita watu, akaupiga mpaka sauti ikakauka.

Watu walikuja, wakimulika na simu zao, wengine na marungu. Nawashukuru sana. Lakini kutoka kwenye miji yao, yaani kaya zao, mpaka pale ni mbali kidogo.

Walimkuta mama amesimama, amemshika Ngolo pembe. Ndama hayupo. Amechukuliwa karibu naye kiasi kwamba alisikia nyasi zikiburutwa, na hakuona kitu.

Alinipigia simu asubuhi. Hakulia. Alisema, "Mayu, alikuwa jike. Nilimwona." Akarudia tena, "Nilimwona."

Mimi ndiye niliyelia, na mkasi mkononi, wateja wananiangalia.

Hasara haikuishia hapo. Wafugaji mnajua, ng'ombe wetu hawa wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama anyonye kwanza. Hakuna ndama, hakuna maziwa. Ngolo akakaukia vilevile. Kila jioni alikuwa anatoka zizini anaelekea kule vichakani analia, na mama anamfuata kumrudisha.

Nilikwenda Zagayu, nikarudi na ile betri. Fundi baiskeli, jirani yangu, akaichana ganda la plastiki na kuifungua kwa koleo. Msijaribu nyumbani, lithium ikichokozwa inawaka moto, sisi tulikuwa wajinga wenye hasira.

Ndani kulikuwa na kibetri kidogo mno, kama vile vya vitu vya kuchezea watoto. Nafasi iliyobaki imejazwa mchanga.

Haki ya Mungu, mchanga. Ule ule niliokuwa naukimbia. Na hata ulipojazwa bado betri ilikuwa nyepesi kuliko ile nzima.

Nikaenda nao dukani kwenye karatasi. Kijana akaangalia, akasema betri hazina waranti, kisha akageukia mteja mwingine. Mteja mwenyewe ni baba mmoja wa makamo, ameshika nyekundu mkono huu na kijivu mkono huu, anapima. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni feki, mchanga wake huu hapa." Akaniangalia kama mwanamke aliyetumwa na duka la jirani. Akaangalia ile namba. Akanunua nyekundu.

Nimekaa na donge hili muda mrefu, ndiyo maana naandika.

Basi nilichojifunza kwa machozi ni hiki. Betri ya saizi hii ya 18650, hata zile nzuri kabisa, huishia kwenye 3500mAh hivi. Ukiona 5000, 6800, 9900, huyo anakuandikia anachojua unapenda kusoma. Namba ndogo ndiyo inayoona aibu kusema uongo. Nzima ina uzito wa gramu arobaini na kitu, omba mtu mwenye kimzani kidogo akupimie, nyepesi sana irudishe hapo hapo. Lakini uzito peke yake usiuamini, maana mchanga nao unapimika.

Kipimo cha kweli ni hiki, na ndicho nilichokiruka: ichaji, iwashe nyumbani mchana, iache mpaka izime yenyewe, uone imekaa muda gani. Ikufie mezani. Isimfie mzazi wako porini. Na wakati wa kuchaji usiiache peke yake, ikipata moto sana chomoa.

Nimempelekea mama nyingine, ya kijivu, 2000. Nimeijaribu mwenyewe mara kadhaa kabla ya kuondoka nayo mjini.

Akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu. Kabla ya kuiingiza kwenye tochi akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha taratibu.

"Hii nzito, mayu," akasema. "Una hakika hawajajaza kitu?"

Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi. Akaitikia kwa adabu. Lakini jioni ilipofika na Ngolo akaanza kutoka zizini, mama alichukua tochi mkono mmoja, na mkono wa pili akachukua kijinga cha moto jikoni.

Wakuu, aliyewahi kupigwa na hizi 9900 aseme hapa. Na kama kuna mtu anajua maneno ya kumwambia mama ili aiamini ile betri, naomba aniandikie, mimi yangu yameisha.