Baba Mkwe Aliniuzia Simu ya Wizi, Sasa Ananiomba Maji

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, Kyela yetu ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeolewa, nina watoto wanne. Nina hasira ya miaka mingi, na sitawadanganya, siku hizi nimeanza kuifurahia.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo zinaanza kushika mtandao huku kwetu, nilikuwa nauza usipa, hawa dagaa wa ziwani, kwa wateja wa Mbeya. Mwenye simu ndiye aliyeuza. Siku moja mama mkwe akanifuata jikoni: "Mkamwana, baba yenu katoka Kasumulu mpakani kaja na simu. Anasema ni ya binamu yake wa Malawi, anaiuza. Unaitaka?" Nikaruka kwa furaha: "Ndaga mama, asante, naitaka!"

Kwa sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala haongei naye. Akipita, unajificha. Mwingine angedai boksi na risiti, angeweka laini yake ajaribu, angemuuliza muuzaji uso kwa uso ameitoa wapi. Mimi ningemuuliza nani? Nikampa mama hela, mama akanipa simu, basi.

Hata sijaizoea, mama mmoja muuza vitenge akaiona mkononi mwangu sokoni, akanikwida. Akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, na chini yake kuna herufi za jina lake alizokwangua kwa pini. Nikaburutwa hadi ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka madirishani. Nikasema nimeinunua kwa mkwe wangu. Akaitwa.

Alipoingia nikajifunika kanga kichwani, nikageukia ukutani kama nilivyofundishwa. Mzee akasema kwa upole kabisa: "Jamani, huyu ni mkamwana wangu. Hata sura yangu haijui. Hiyo biashara tuliifanyia wapi?"

Watu wakacheka. Mama mkwe alikuwepo, akatazama miguu yake. Na mimi kumjibu sikuweza, maana ningegeuka ningekuwa mwizi na asiye na adabu pia. Nikalala mahabusu. Niliporudi, wateja wote wamehamia kwa wengine, na hadi leo nikisogelea meza ya mtu sokoni anavuta pochi yake. Mume wangu alisema neno moja tu, kwamba baba yake hawezi kusema uongo.

Sasa mama mkwe tumeshamzika. Mashemeji wako Mbeya, mume wangu yuko safarini na lori. Mzee kapooza upande mmoja, analala chumba cha uani hapa kwangu. Napika, naweka chakula mlangoni, naondoka. Jirani akipata nafasi huja kumlisha. Anaita, "Mkamwana, maji." Mimi naendelea kuchambua mchele wangu. Heshima, si ndiyo?

Mume wangu anapiga simu anafoka: "Mama watoto, mila hizo zimepitwa na wakati, ingia umhudumie baba!" Nikamwuliza, "Siku ile ofisini zilikuwa hazijapitwa?" Akakata simu. Jamani, raha niliyoisikia!

Juzi mzee akasema kwa kujikakamua, nikamsikia toka uani: "Simu niliiuza mimi. Nilijua ni ya wizi. Nisamehe, mwanangu." Nikamtuma jirani amwambie hayo akayaseme sokoni, mbele ya watu, asiuambie ukuta. Mzee amekubali kubebwa siku ya soko.

Lakini jirani anasema mzee hali chakula vizuri, na ulimi unazidi kuwa mzito, kila kukicha maneno yanapungua. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kumlisha na kumnywesha, la sivyo siku ya soko itamkuta bubu au maiti. Na hapa nyumbani mtu huyo ni mimi.

Nikiingia, nitakuwa nimemlea kwa mikono yangu mtu aliyenilaza mahabusu. Nisipoingia, atazikwa na ukweli wake, na mimi nitabaki mwizi wa simu mpaka kwa wajukuu zangu. Ninavyoandika hivi anaita tena, na moyo wangu unasema afe na kiu.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni mawazo. Ila msiniambie nisamehe, hilo sijawauliza. Niambieni tu: niingie?