Komeo la Nje

Juzi, Old Town, fundi wa kuchomelea alikuwa ameegemeza mlango wa chuma ukutani, na harufu ya kutu iliyopigwa jua ikanirudisha utotoni Dzaleka, Malawi, alasiri ya Pasaka. Kambi yetu ya wakimbizi ilikuwa gereza zamani. Baada ya ibada, ngoma za kwaya zikiwa bado zinasikika, nilimvuta mama hadi kwenye chumba kimoja cha wafungwa ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu, ila mwanga tu sakafuni. Mchungaji alikuwa amesema kaburi liko wazi, nami niliamini ndilo hili. Leo najua kaburi lile lilikuwa la mwamba, mbali sana na Malawi. Siku ile nililitazama komeo la mlango.

“Mama, nani alimufungulia Yesu? Komeo iko inje.”

“Mungu njo alimufungulia.”

Nikamkumbuka baba, tuliyemzika kwetu Fizi kabla ya kukimbia vita. “Na komeo ya baba?”

Mama akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya lile komeo, lililokuwa bado na joto la jua.

“Ya baba pia iko inje, mwanangu.”